Chupa Sita

Darasa linaanza Jumatatu, saa tatu asubuhi,
na leo Ijumaa meza yangu ya jikoni imejaa nyaya.
Nje, Rezekne ina theluji chafu ya Machi,
ile isiyotaka kubaki wala kuondoka.

Nilikuwa nimeandaa slaidi arobaini.
Nikamsomea dada yangu Skaidrite kwa simu.
Alipiga hesabu za kiwanda cha maziwa miaka thelathini,
tarakimu hazimtishi; kinachomtisha ni neno "futa".
Kwenye slaidi ya tatu akanikatiza:
"Ausma, kwani kitufe cha kuwashia kiko wapi?"
Nikafuta thelathini na moja.

Maana kozi ni ya mtandaoni,
na kuingia mtandaoni ndilo somo la nne.
Nimefunga mlango, ufunguo nimeuacha ndani.
Basi somo la kwanza litakwenda kwa posta:
karatasi moja, mwandiko wa mkono, herufi kubwa,
mchoro wa kitufe kwa kalamu nyekundu,
na chini yake: "Kikigoma, nipigie mimi. Usikipige chenyewe."

Programu nazipakua usiku, watu wakilala.
Kupakua. Neno la jikoni hili,
na kweli nimekaa kama mpishi mbele ya chungu kizito:
asilimia sitini, sitini na moja,
sitini na moja,
sitini na moja.
Kisha nagawa kwenye flashi kumi na mbili,
kila mtu na sahani yake, wasigombee mtandao wa kijiji.
Ya kuandikia. Ya majedwali. Ya mkutano,
toleo la zamani, kwa kuwa jipya
huizima kompyuta ya Genovefa kama mshumaa.

Ya Ojars ililetwa na dereva wa basi la shule
ndani ya gunia dogo la sukari, bado lina chengachenga.
Ilikuwa ya marehemu mkewe, Zenta.
Ina nenosiri, na nenosiri kaondoka nalo.
"Isafishe tu," Ojars aliniambia, "uanze upya."
Halafu kimya. Nikasikia jokofu lake likinguruma.
"Kama kuna chake humo, sijui. Wewe ndiye mjuzi."

Mimi najua bisibisi.
Nikaifungua tumbo, nikatoa diski,
nikanakili kila kitu kwanza, saa mbili na nusu,
ndipo nikafuta, nikaweka mfumo mpya
mweupe kama shuka la hospitali.

Sikukusudia kuchungulia. Nilichungulia.
Barua hakuna. Picha moja, ya paka, nusu paka.
Na jedwali: GHALA LA CHINI.
Cheri, 14.
Matango ya siki, 31.
Mwaka, rafu, nani kapewa, nani hakurudisha chupa.
Mstari wa mwisho ni wa Novemba:
Jemu ya plamu, 6. Onja kabla ya kumpa mtu.

Kwa somo la tano nilikuwa na jedwali langu la mfano,
duka la kubuni, bei za kubuni, mteja asiye na jina.
Wengine watabaki nalo.
Kwenye flashi ya Ojars nimelitoa.

Simwambii sasa. Lakini karatasi yake ya wiki ya tano
iko tayari, kwa kalamu ileile nyekundu:

Shuka ghalani. Hesabu plamu.
Panda. Fungua jedwali.
Peleka kishale hadi kwenye sita.
Kama umekula moja, andika tano.
Kama hukuthubutu, iache sita ilivyo.
Usiogope kukosea, nina nakala.
Kisha nenda juu, kushoto, ubonyeze Hifadhi.
Neno hilo unalijua.
Ndilo alilokuwa akilifanya yeye
kila mwisho wa kiangazi,
na sukari, na moto mdogo,
na kifuniko kilichokazwa mpaka mwisho.