Stroberi

Kurasa za nyuma za daftari la kemia,
pale ambapo kalamu nyekundu ya mwalimu haifiki,
Nangobi amefungua duka.

Gauni lenye mikono iliyofura kama mandazi,
soksi za lesi zilizokunjwa mara mbili,
mkoba wa umbo la birika, zipu ikianzia mdomoni,
na stroberi. Stroberi kila mahali:
mfukoni, kwenye kola, kwenye kisigino cha kiatu.
Hajawahi kula stroberi, binti yangu.
Wala mimi.
Nikamuuliza ina ladha gani.
"Mbegu zake ziko nje, mama," akasema.
"Haina siri."

Kuna mbunifu aitwaye Kishada
(si mtu, naambiwa, ni chapa)
na kila msimu hutoa mkusanyo mpya.
Huu wa sasa ni Chai Bila Watu Wazima.
Nangobi ameuhifadhi kichwani,
gauni la kwanza hadi la ishirini na nne:
lipi lina vifungo vya biskuti,
lipi lina mkia,
lipi lilivaliwa na yule msichana aliyejikwaa jukwaani
akacheka, akaendelea.
"Hapo ndipo penyewe, mama. Akacheka!"

Bei niliuliza mara moja tu.
Nikapiga hesabu kwa sangara.
Sangara mia sita, bila mifupa.

Mimi ni wa kiwanda cha samaki, zamu ya alfajiri.
Koti jeupe, buti nyeupe, wavu kichwani.
Kule rangi ni kosa, hata kucha hukaguliwa.
Nikirudi Walukuba nanuka ziwa zima,
nakuta meza ya kulia imefunikwa satini,
umeme umekatika,
simu imeegemezwa kwenye chupa ya mafuta ili imulike,
na mtoto ana pini tatu mdomoni
ananisalimia kwa nyusi.

Bi Akumu wa mlango wa pili akachungulia:
"Na hizi ni nguo za kwenda wapi?"
Swali hilo nilikuwa nalo mimi pia, nililificha tu.
Nangobi akatema pini.
"Za kwenda kununua chumvi."

Na akaenda kununua chumvi.
Jumamosi, saa kumi, udongo bado umelowa,
utepe wa waridi kichwani kama masikio ya ndama.
Vijana wa bodaboda wakapiga honi, wote kwa pamoja.
Nilikuwa dirishani, moyo umenikaa kooni.
Akajikwaa. Makusudi, nilimwona.
Akacheka, akaendelea.
Chumvi akaisahau.

Wiki ya kwanjula ya mpwa wangu
nilitoa gomesi yangu sandukuni.
Nangobi akaishika mabegani kama aliyeokota kitu barabarani.
"Mama! Mabega yamechongoka hivi,
na fundo la kiunoni kubwa kama mto wa kulalia,
nani aliwaruhusu?"
Ni vazi la heshima, nikamwambia.
"Najua. Lakini lilitungwa na mtu aliyekuwa akicheka."

Nimelivaa miaka kumi na tisa.
Harusini, matangani, kwenye ubatizo wake yeye.
Siku ile nikajitazama kwenye kioo
nikaona masikio mawili ya sungura
yamesimama mabegani pangu, yanasikiliza.
Nilikaa mbele ya wakwe wa watu
nikijing'ata ulimi.

Jumatatu, mlangoni mwa kiwanda,
mkaguzi aliangalia kucha, akaangalia wavu, akaangalia buti.
Ndani ya koti hakuangalia.
Humo, upande wa kushoto,
pana stroberi ya satini, ukubwa wa kidole gumba,
mbegu zake za uzi mweupe, nyingine zimepinda,
alishona usiku bila taa.

Amesahau pini ndani yake.
Kila nikiinama juu ya sangara
inanichoma kidogo.
Sijaitoa.