Benchi la Tatu

Bi Khuê hufungua saa moja na nusu,
funguo anazijua kwa kidole, si kwa jicho.
Hufagia majani ya mbilimbi uani.
Harufu huingia kabla ya wageni, haikati tiketi:
samaki na chumvi katika mapipa ya mtaa wa pili,
mwaka mzima wakiiva gizani.

Wageni hushuka basini wakiuliza:
Alilala wapi? Kikombe hiki ndicho alichonywea?
Bi Khuê hujibu alivyofundishwa:
kitanda kilikuwa kama hiki, siyo hiki.
Picha hakuna. Kijana wa kufundisha kwa muda,
viatu vya mbao, chaki mfukoni,
nani angempiga picha?
Alifundisha miezi michache, kisha asubuhi moja
kengele ikalia, ubao mtupu.
Nchi ilikuja kumjua baadaye, kwa jina jingine.

Benchi la tatu haliulizwi na mtu.

Hapo alikaa Thoại, kaka wa babu yake,
mtoto wa mkoroga mapipa;
wenzake walisogea, wakamwachia nafasi ya watu wawili.
Mwalimu (ndivyo wasemavyo nyumbani,
na nyumbani husemwa mengi)
aliwapa insha: Mto wetu unakwenda wapi?
Thoại aliandika mistari minne
na nusu ya neno.
Baba yake alikuwa mlangoni, pipa linavuja.

Aliporudi Jumatatu, mwalimu hakuwapo.

Miaka sitini alikoroga.
Daftari lilikaa juu ya boriti,
kando ya kadi ya mgao wa mchele.
Siku redio ya jirani ilipotoa ile sauti
watu walilia, walikumbatiana;
yeye alisogeza sikio, akasema,
"Hajanisahihishia."

Makumbusho yalilikataa daftari. Halina ushahidi.

Jana, baada ya kufunga,
Bi Khuê, aliyeishia darasa la nne,
alikaa benchi la tatu, magoti yakigonga ubao,
akasoma mistari minne kwa sauti.
Akachukua kalamu nyekundu ya kuhesabia tiketi.
Kosa la tahajia, moja. Akalirekebisha.
Akafika kwenye lile neno lililokatika,
kalamu ikasimama hapo, wino ukitanuka
kama tone la mchuzi kwenye kitambaa.

Mlango ukagongwa.
Mgeni aliyechelewa, jasho likimtoka:
"Samahani mama, choo kiko wapi?"