Kutua, Suhar

Mara ya kwanza peke yangu.
Kiti cha kulia kitupu, mkanda wake umefungwa
usije ukachezacheza njiani.
Saa tatu kasorobo asubuhi, Juni,
na lami ya Suhar imeshaanza kutokota.
Moshi wa kiwanda, kule bandarini,
ulikuwa umelala chali kuelekea milimani:
upepo wa ubavuni, mafundo manane.
Niliusoma. Niliusoma vizuri. Hilo liandikwe.

Redioni, Kapteni Yarubi:
"Usiikimbilie ardhi. Ardhi haiendi popote."
Lakini joto lilikuwa limeibeba ndege, haikutaka kushuka,
ikaelea,
ikaelea,
namba za njia zikapita chini ya kiti changu,
nami, mtoto wa haraka tangu tumboni,
nikaisukuma.

Gurudumu la mbele likagusa kwanza.
Tukadunda.
Nikavuta nilipopaswa kungoja,
nikasukuma nilipopaswa kuvuta.
Tukadunda tena. Mara ya tatu
hatukudunda.

Mguu wa mbele ulikunjika kama wa ngamia apigaye goti,
ila ngamia hupiga goti akiambiwa.
Panga boi likaichapa lami, mapigo manne, nilihesabu,
kisha kimya
chenye harufu ya petroli.

Mkono ukafunga mafuta. Mkono ukazima umeme.
Mkono ulikumbuka kila kitu;
mimi sikuwemo.

Biju, fundi wa karakana, alifika kwa baiskeli
kabla ya gari la zimamoto.
Alinitazama mimi kwanza, vidole, meno, macho.
Ndipo akaitazama ndege,
akavua kofia.

Fomu ina kurasa mbili, Kiarabu na Kiingereza.
*Eleza kilichotokea.*
Nimeeleza. Kasi, upepo, joto, kishindo.
Hakuna mstari wa kuandika
kwamba nilikigeukia kile kiti kitupu
kama mtu anayeomba radhi.

Jioni Bi Zuwena anapanga vidonge vyake vya presha
katika kisanduku cha siku saba.
Kiswahili cha nyumba hii ni chake;
mimi nimekiokota jikoni, kikiwa cha moto.

"Umeanguka?"

"Sikuanguka, Bibi. Nimetua vibaya."

Kidonge cha Jumatatu. Kidonge cha Jumanne.
"Sisi tulikuwa tukitua ndoo," anasema.
"Ndoo ikijaa mpaka mdomoni huitui mwenyewe,
utajimwagia yote.
Unasimama mlangoni, unaita: *jamani, nitueni!*
Wewe huko juu ulimwita nani?"

Nikanyamaza.
Kapteni alikuwa redioni, kweli,
lakini sauti haina mikono.

Nikasugua shingo. Inauma tangu adhuhuri,
hapa, chini ya kisogo.
Daktari kasema ni misuli, siku tatu itapoa.

Bibi hakuinua macho.
Kidonge cha Alhamisi kikaanguka sakafuni, akakitafuta kwa mguu.
"Misuli gani," akasema.
"Ni ndoo hiyo.
Bado hujaitua."