Mvua ya Kwenye Mkanda

Deki ya Shangazi Somoe ilikuwa na nguo yake,
kitambaa cha kufuma, cheupe, chenye ndege wanne,
mmoja wao hakumaliziwa bawa.
Uzi uliisha katikati ya Ramadhani, alisema,
na Ramadhani ikipita, ndege huzoea.

Rimoti ilikaa ndani ya nailoni.
Hatukuwahi kuigusa ngozi yake.
Ukitaka sauti ipande, unabonyeza juu ya plastiki
kama daktari anayempima mtu tumbo bila kumvua shati.

Magomeni, nyumba ya vyumba sita, ukumbi mmoja.
Jumamosi jioni viatu vilijaa kizingitini,
kandambili za kina Chausiku, raba za Mwinchande,
na wale waliogombana na Shangazi wiki hiyo
walisimama dirishani,
vipaji vya nyuso vikiacha madoa kwenye wavu.

Mkanda ulikuwa mmoja.
Mingine tuliikodi Msimbazi ikarudi kwa wenyewe;
huu ulibaki duka lilipofungwa,
au labda Shangazi aliufanya ubaki.
Wa Kihindi, hauna jalada.
Ubavuni peni imeandika HARUSI YA MWANTUMU, ikakata,
chini yake: SINEMA. USIFUTE.

Kihindi hakuna aliyekijua.
Shangazi alitafsiri huku akichambua mchele,
bila kuinua macho:
"Anamwambia, umeniacha kama chungu kilichotoboka."
"Baba mtu anasema, mahari si maharage."
Steringi akiimba mlimani dakika saba,
yeye alifupisha: "Anampenda."

Kisha inafika ile sehemu.
Steringi amepanda treni, mama yake yuko mlangoni,
na papo hapo kioo kinaingia chenga,
mistari myeupe, ssssss, dakika nne nzima;
mkanda ulilika kwa joto na kwa kurudiwarudiwa.
Na Shangazi, kila Jumamosi, miaka yote ile:
"Mvua hiyo. Nani kaanua nguo?"

Mmoja wetu alitoka mbio.
Hakukuwa na wingu Magomeni yote.
Uani, kamba, khanga mbili, sare ya shule,
unazikumbatia zikinukia jua na sabuni ya mche,
unarudi, chenga zimekwisha,
na steringi tayari ana masharubu.

Hivyo ndivyo tulivyojua wanaume wanavyokua:
mvua inyeshe, nguo zianuliwe,
masharubu.

Juzi, Tabata, ghorofa ya tatu, usingizi umegoma,
nikaikuta kwenye simu.
Safi. Rangi zimeoshwa mpaka nikaona
sari niliyoijua ya kijivu kumbe ni ya zambarau.
Chini yanapita maandishi ya Kiingereza.
Baba mtu hakusema lolote juu ya mahari.
Alisema: funga dirisha.
Chungu kilichotoboka hakimo.
Nilikitafuta.

Treni ikaja. Mama mlangoni.
Nikasubiri chenga.
Badala yake mama anarudi ndani,
anaosha sahani moja,
anaifuta, anaigeuza, anaiweka juu ya nyingine,
kisha anaitoa tena, anaifuta tena.
Dakika nne. Hakuna muziki.
Nikajiona kama mtu aliyesukuma mlango bila hodi
akamkuta mgeni anabadili nguo.

Shangazi yuko Chamazi sasa, kwa mwanawe,
macho yameingia ukungu,
televisheni anaisikiliza tu.
Nilitaka kumpigia nimweleze habari ya sahani.
Ilikuwa saa saba usiku,
halafu angeniuliza jambo moja, namjua.

Nikatoka kibarazani.
Mbingu kavu. Upande wa Ubungo taa zinawaka,
jenereta la mtu linakohoa chini.
Kwenye kamba, shati na taulo,
vikavu tangu alasiri.

Nikavianua.