Nipo

Kazi yangu leo ni kukaa.
Kwa muda wa saa sita, kwenye kiti, chumba cha tatu, Cardiff,
mvua ikipapasa dirisha kama mtu aliyesahau ufunguo.

Emrys amemeza kidonge kimoja,
kiini cha uyoga kilichopimwa kwa miligramu,
akajifunika macho kwa kitambaa cheusi.
Miaka kumi na mmoja amemeza vidonge vya kila rangi,
vikamtia ganzi tu, anasema,
kama mkono uliolaliwa.

Saa ya kwanza, kimya. Napima presha, naandika.
Saa ya pili anacheka, kisha mdomo unapinda
na analia kwa Kiwelshi,
lugha aliyoizika pamoja na kaka yake.

Sielewi hata neno.
Mwongozo unasema: usimfariji upesi,
usimtoe alipo.
Basi nashika mkono wenye sugu za usukani wa lori,
na ulimi wangu, unaovaa Kiingereza kazini kama sare,
unaivua:
Nipo. Nipo hapa.
Anaminya vidole vyangu. Amenisikia.
Au ameisikia mvua.

Alasiri anataka mkate wa kuchoma, siagi nyingi.
Binti yake yuko mlangoni, koti linachuruzika:
“Baba, umepona?”
Anatafuna kwanza. Analitazama ua la plastiki mezani
kana kwamba wamewahi kukosana.

Kwetu ningesema: hajapona,
ila amepaona.
Fomu haina kisanduku cha hilo.
Naandika: presha ya kawaida.
Amekula vipande viwili.