Daftari la Karafuu

Kompyuta haijui mke na mume.
Inajua sufuria: ndogo ndani ya kubwa,
kifuniko cha ndani kwanza, cha nje baadaye.
Ukikosea mpango inakupigia mstari mwekundu
kama mwalimu wa chuoni na bakora yake.

Ghorofa ya tano, Ruwi. Kiyoyozi kinakoroma.
Mbele yangu picha ya ukurasa wa kumi na tisa,
daftari la Mbarouk bin Sleyyum:
frasila, rupia, majina ya wadaiwa;
na juu ya hesabu zake, kwa wino wa zambarau,
mkewe Zayana ametunga.

Hakutafuta nafasi tupu. Amepita katikati,
herufi za Kiarabu zikisema Kiswahili,
na kitone cha nuni yake kimegeuka sifuri
katika deni la mtu: thelathini ikawa mia tatu.

Nikifungua alama ya ubeti, safu ya hesabu inakatika.
Nikifungua ya safu, ubeti unabaki makombo.
Na sentensi zake ni mishata,
haziheshimu kituo; zinaanzia ubeti wa pili,
zinamalizikia wa tatu, ng'ambo ya ukurasa,
hata neno limegawika,
"nime" huku, "choka" kule.

"Chagua moja," akasema Muatasim, mkuu wetu.
"Shairi au hesabu. Nyingine itie kwenye tanbihi."
Nikasema inshallah, ile inshallah ya kukataa.

Ijumaa nikaenda Ibra kwa mjomba Haroub,
zamu yake ya falaji ikiwa baada ya sala.
Maji yake yalipita shamba la Ghaniya,
ardhi ya huyu, saa ya yule,
wala hakuna aliyejenga ukuta mferejini.
Kuna kijiti tu kimesimamishwa uwanjani
na mawe chini yake. Kivuli kikigusa jiwe
maji yamebadili mwenyewe.
Maji hayana habari.

Jumapili nikafuta sufuria zote.
Nikapanda vijiti: hapa ukurasa umegeuka,
hapa mshororo umeisha, hapa sentensi
ingali safarini.
Alama zisizofunga kitu, zimesimama tu.
Hesabu nikaiwekea faili lake pembeni,
kila deni likinyoosha kidole:
tangu neno la arubaini hadi la arubaini na sita.
Maandishi sikuyagusa. Hata kile kitone.

Kikabaki kituko kimoja, chini kabisa:

    Moyo wangu si bidhaa, hata ukaja kukopwa,
    Bahari ilipojaa, sikungoja maji kupwa,
    Na leo Ibra nakaa, deni langu

Hapo zambarau inakoma.
Kina kinadai *pwa*, mizani inadai nne,
na nafasi inayofuata imejazwa
kwa wino mweusi, mwandiko wa Mbarouk,
mwisho wa deni la mtu wa Bumbwini:
*limelipwa.*

Mdaiwa alibaki kule. Nani angelipa, kwa njia gani?
Labda Zayana aliliona neno, akapanga vina
mpaka akalifikia. Labda mumewe alisoma usiku,
akaona mshororo unachechemea,
akamsamehe mtu rupia zake ili usimame.
Nimekuza picha mara nane. Wino hausemi.

Vidole viwili sasa vinaelekea neno lile,
kimoja cha shairi, kimoja cha hesabu.
Pale pa jina la mwandishi nimeacha wazi.
Mstari mwekundu umetokea.
Nao nimeuacha.