Shubiri

Jumanne walikuja na rula ya chuma,
wanaume watatu, kofia za timu za miji ya mbali,
wakamwambia Dominik Hruska aweke mkono mezani
autanue, gumba huku, kidole cha mwisho kule,
kwani mrushaji hupimwa kiganja
kama punda anavyotazamwa meno.
Inchi tisa kasoro thumuni.
Mmoja akaguna. Mwingine akaandika.
Mimi nilipita nyuma yao na toroli la taulo.

Thumuni! Utotoni mwangu ilinunua andazi
likabaki na joto hadi mlangoni pa shule.
Hapa Youngstown, viwanda vya chuma vilikozimwa
na Aprili bado inatema theluji,
thumuni inaweza kumtoa kijana raundi ya pili
ikamtupa ya sita, au nje ya karatasi kabisa.

Mama yangu alishona bila tepu.
Alitembeza mkono juu ya kitambaa
kama kiwavi mwenye haraka,
shubiri, shubiri, shubiri na nusu,
na gauni likakaa mwilini bila kuuliza swali.
Shubiri hiyohiyo ni jina la utomvu mchungu
aliojipaka kwenye titi
siku alipoamua mdogo wangu ameshakua.

Mpira wao siujui. Miaka kumi na moja nafua jezi
na bado sielewi kwa nini kila dakika wanasimama
kunong'onezana kama watu wa posa.
Lakini jezi namba kumi na nne naijua.
Mshono wa bega la kulia nimeurudia mara tano,
uzi wa nailoni, sindano ya ngozi.
Na madoa nayasoma.

Septemba, Oktoba: nyasi zote kifuani.
Alikuwa akianguka akienda.
Kisha ile Jumamosi ya Toledo, mbavu mbili.
Aliporudi uwanjani baada ya wiki tatu
kijani kilikuwa kimehamia mgongoni,
na kikabaki mgongoni hadi msimu ukafungwa.
Alirusha vizuri, magazeti yalisema hivyo.
Ila aangukaye chali
ameanza kurudi nyuma kabla hajaguswa.

Rula haikuliona hilo.
Walimhoji kocha, mwalimu wake wa hesabu,
kinyozi wake, hata msichana waliyeachana.
Mimi walinisalimu, wakaomba taulo.
Nikawapa taulo.
Jezi niliiloweka usiku kucha, siki na sabuni ya mche,
nikaisugua kwa vifundo vya vidole
mpaka mgongo ukawa mweupe kama wa mtu asiye na habari.

Uteuzi ni siku tatu. Alikaa kwa bibi yake,
nyuma ya kanisa la Waslovaki,
simu juu ya kitambaa cha mezani, kama mgeni.
Alhamisi kimya. Ijumaa kimya.
Jumamosi alasiri ikaita, nyumba nzima ikasimama:
mtu wa bima ya magari.

Alinisimulia mwenyewe, Jumatatu,
alipofuata viatu vyake kwenye kabati,
akicheka kwa upande mmoja wa mdomo.
Timu moja ya Kanada imesema aje ajaribiwe,
nauli juu yake.

"Lete mkono," nikamwambia.
Tukalinganisha viganja katikati ya mvuke.
Changu kilimzidi. Kwa thumuni hivi.
Hapo akacheka kwa mdomo mzima,
akasema, "Bi Mwanaidi, basi wangekuchukua wewe."

Nilitaka kumwambia habari za mgongo.
Neno lilifika hadi menoni.
Nikamuuliza, mbavu zinaendeleaje?
"Zilipona tangu Novemba," akajibu,
akilitazama tundu la maji sakafuni.

Mashine ya tatu ikaanza kukamua,
sakafu ikatetemeka chini ya miguu yetu.
Hatukuondoa mikono.
Tukaingoja imalize.